Mtoto wa Katikati na Njia ya Himo

Kila Desemba magari yanayotoka Dar es Salaam na Tanga hupunguza mwendo Himo. Hapo njia hugawanyika: moja huendelea Moshi mjini, moja hushika Holili hadi Taveta, moja hupanda Marangu na kuzunguka mlima Kilimanjaro kwenda Rombo. Watani wa Wachaga husema wenzao wanakwenda kuhesabiwa, na utani huo una ukweli mwingi kuliko wanavyodhani wanaoutamka. Huhesabiwa mwenye mahali pa kuhesabiwa: kihamba cha baba, makaburi ya mababu kando ya migomba, jirani anayejua nani alimzaa nani. Lakini pale njia panda penyewe, na katika vijiji vya tambarare vinavyoizunguka Himo, nasaba nyingi hukatika mapema. Babu wa babu alitoka Kilema, au Kirua. Wengine husema alikuwa Mpare, wengine kwamba alivuka kutoka Taveta. Jina lake ni moja tu, halifuatwi na la baba. Wajukuu hudhani kwamba wazee walisahau, au kwamba Wazungu hawakuandika. Nadhani wanalaumu pasipostahili. Mlimani kumbukumbu ilifungwa kwenye ardhi, na babu huyo haonekani kwa kuwa hakuwa na ardhi ya kumshikilia. Anayemtafuta kwa kufuata jina lake atachoka bure. Afuate kwanza kihamba ambacho hakukipata.

Kihamba si shamba. Mchaga yeyote anaijua tofauti hiyo, ila wageni huichanganya. Kihamba ni ardhi ya juu, yenye nyumba, migomba, kahawa na mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita mpakani. Hurithiwa, na zamani kukiuza kulikuwa jambo la aibu. Shamba ni la chini, kwenye joto na ukame, palipolimwa ulezi wa pombe ya mbege na baadaye mahindi na maharage. Enzi za Mangi, mtawala wa Kichaga, vipande hivyo viligawiwa kwa msimu, na watu, hasa wanawake, walishuka kulima na kupanda na mizigo kichwani. Mwenye kihamba alizikwa ndani ya kihamba. Kwa desturi ya kale mifupa ilifukuliwa baada ya miaka kadhaa, na fuvu likawekwa chini ya mmea wa masale katikati ya migomba. Hapo ndipo jamaa walipopeleka sadaka na kuzungumza na wafu wao. Petro Itosi Marealle, mtu wa ukoo wa kimangi wa Marangu, alipoandika kwa Kiswahili kitabu chake cha mwaka 1947 alikiita Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, na jina hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba kwa watu aliowaandika, aliyekufa aliendelea kuwa mmoja wa wenye nyumba. Masale hayohayo yalipandwa kuwa alama ya mpaka. Mche mmoja ulionyesha alipo babu na inapoishia ardhi yake. Kwa hiyo familia haikuhitaji kukariri nasaba kama mashairi. Ilitembea juu yake kila siku. Ubaya wa daftari la namna hiyo ni kwamba halikuwa na ukurasa wa mtu aliyeondoka.

Na walioondoka walikuwa wengi, kwa kanuni iliyojulikana mapema. Kifungua mimba wa kiume alitazamiwa kupewa kihamba na baba yake wakati wa kuoa. Kitinda mimba alibaki nyumbani, akawatunza wazazi, na mwishowe akarithi mahali walipoishi. Watoto wa katikati walijitafutia: walimwomba Mangi pori la kufyeka, walijisogeza kwa wajomba, au walikwenda zao. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyechunguza kesi za mabaraza ya Kilimanjaro na kuchapisha kazi yake mwaka 1986, anaonyesha jinsi kanuni hii ilivyogeuka kuwa kisu mara pori lilipokwisha. Kabla ya hapo haikuumiza sana. Kilichoharibu hesabu ni kahawa. Wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema walianza kuilima mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1925 wakulima Wachaga walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, kilichotangulia chama cha ushirika cha KNCU. Mbuni hukaa ardhini miaka mingi kuliko mahindi. Aliyeupanda hakuwa tayari kumpisha ndugu. Wakati huohuo walowezi walikwisha kuchukua maeneo makubwa chini ya ukanda wa migomba, kuanzia utawala wa Wajerumani. Juu kuna msitu wa serikali, kando kuna majirani, chini kuna mashamba ya walowezi. Mtoto wa katikati alibakiwa na nini? Alibakiwa na tambarare, ambako baba zake walikuwa wakilima mchana tu kwa kuogopa malaria na, zamani zaidi, kwa kuogopa mashambulizi ya Wamasai. Kushuka Himo kukaa moja kwa moja, kwa macho ya walioko juu, hakukuwa kuhamia mahali. Kulikuwa kutoka nje ya daftari.

Mtoto wa katikati hakuwa peke yake. Binti aliolewa ukoo mwingine. Kwao hakuandikwa kwa kuwa hakurithi, na kwa mumewe alikumbukwa kama mama wa fulani. Mateka alikuwa na fumbo lake. Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walipigana na kuteka watu katika miaka ya nusu ya pili ya karne ya 19. Baadhi ya mateka waliuzwa kwa misafara ya Pangani na Mombasa, na baadhi walibaki, wakaoa au wakaolewa, wakachukua ukoo wa aliyewateka. Ukoo uliompokea mtu namna hiyo ulikuwa na sababu zote za kunyamaza. Ndiyo maana huwa nayasikia kwa tahadhari maneno “alitoka Taveta” au “alitoka Upare”. Taveta ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, mahali pa kupumzika na kununua chakula kabla ya kwenda bara. Kusema mtu alitoka Taveta katika miaka ya 1880 ni kama kusema leo kwamba fulani alishukia stendi ya Himo. Maneno hayo hutaja kituo cha mwisho, hayataji nyumbani.

Hapo ndipo majina yanapompoteza mtafutaji. Mfano mkubwa uko wazi kwa wote. Wasomaji wa vitabu vya wasafiri wa Ulaya wa miaka ya 1870 na 1880 hukutana na mtawala wa Moshi aitwaye Mandara, mwenye jicho moja na maneno mengi. Wenyewe wa Old Moshi humkumbuka kwa jina la Rindi. Ni mtu mmoja. Mandara lilikuwa jina lililoenea kwa watu wa misafara, na wageni wakalichukua kutoka kwao. Ikiwa mtawala aliyejulikana hadi Berlin aliweza kugawanyika kuwa watu wawili kwenye karatasi, mpagazi au mlinzi wa ng’ombe angeponea wapi? Ongeza ubatizo, uliomfanya mtu wa jina la Kichaga kuwa Petro au Yohani siku moja. Ongeza mkono wa padri Mfaransa na wa mchungaji Mjerumani, kila mmoja akiandika sauti za Kichaga kwa herufi za kwao. Ongeza desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba. Desturi hiyo huzalisha majina yanayorukaruka vizazi, kiasi kwamba babu na mjukuu wanaweza kuonekana mtu mmoja aliyeishi miaka mingi mno, au watu wawili wakaunganishwa katika hadithi moja. Lakini desturi hiyohiyo ina upande wa faida ambao watafutaji wengi huuacha. Mtoto wa kiume wa pili alipewa jina la babu mzaa mama, na wasichana nao walifuata mabibi kwa mpango huohuo. Kwa hiyo jina geni katika orodha ya ndugu, lisilofanana na mengine ya ukoo, mara nyingi ni nyayo za mama. Aliyeshuka Himo bila kihamba huenda alipoteza kila kitu cha baba yake, lakini mtoto wake wa kiume wa pili alibeba jina la mkwewe. Ukimpata mkwe, umepata kijiji alichooa, na kutoka hapo njia ya kurudi juu ni fupi.

Atatokea wa kunijibu kwamba nakuza mambo, maana wazee wa koo bado wapo na wanaweza kutaja vizazi 8 au 10 bila kukwama. Wapo, na sidharau. Kathleen Stahl asingeweza kuchapisha historia yake ya Wachaga mwaka 1964 bila wazee wa namna hiyo, wala bila maandishi ya Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu aliyekusanya habari za umangi kabla ya kufariki mwaka 1927. Ila angalia nani anatajwa katika orodha hizo. Nasaba ndefu ni za koo zilizotawala, kwa sababu mwenye kiti alihitaji kuthibitisha haki ya kukikalia. Kwa koo za kawaida orodha hupanda hadi kwa aliyefyeka kihamba au kuchimba mfongo wa kwanza, kisha husimama. Haisimami kwa uchovu wa akili. Hapo juu hapakuwa na mali ya kugombania. Orodha ya mzee ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa shauri, uliotayarishwa kwa ajili ya baraza. Unaeleza kwa usahihi nani alipata. Aliyekosa hana sababu ya kutajwa, na pengine ipo sababu ya kutomtaja.

Kumbukumbu ya mdomo pia ina udhaifu wa hesabu, na Marangu inatupa mfano unaostahili kutazamwa kwa upole. Miaka 100 ilipotimia tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kufika kileleni Oktoba 1889, mzee Yohani Kinyala Lauwo alitambuliwa kuwa kiongozi wa msafara ule, akaheshimiwa kwa haki kama mmoja wa waongozaji wa kale wa mlima. Alifariki mwaka 1996, na hesabu inayosimuliwa humpa miaka karibu 125. Binadamu mwenye umri mkubwa kuliko wote uliothibitishwa kwa vyeti, Jeanne Calment wa Ufaransa, alikufa mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Meyer mwenyewe, akisimulia siku za juu kabisa, anamtaja kwa jina Mwini Amani, mtu wa Pangani. Sioni haja ya kumwita yeyote mwongo. Meyer alifika Kilimanjaro zaidi ya mara moja, akarudi tena mwaka 1898, na baada yake wakaja wengine wengi. Mtu aliyeongoza Wazungu ujanani angeweza kabisa kuambatanishwa, miongo mingi baadaye, na Mzungu maarufu kuliko wote. Kumbukumbu huvuta matukio madogo kuelekea kubwa. Mtafutaji wa nasaba anayeambiwa kwamba babu yake “alikuwapo Wajerumani walipofika” ajiulize ni Wajerumani wa mwaka gani: wa Carl Peters Marangu mwaka 1891, wa reli iliyofika Moshi mwaka 1911, au wale waliokuwa wakirudi nyuma Machi 1916, jeshi la Uingereza lilipokuja kutoka Taveta kupitia Himo.

Basi twende kwenye karatasi, watasema wengine. Twende, lakini tukijua karatasi zilichujwa na nini. Daftari la kodi ya nyumba lilimwandika mwenye nyumba. Daftari la chama cha kahawa lilimwandika mwenye mibuni, yaani mwenye kihamba. Maafisa na makarani walidhani wanaandika watu, kumbe waliinakili ardhi upya, kwa wino. Daftari za ubatizo ni bora zaidi kwa sababu kanisa lilimtaka na mtoto wa katikati, na binti, na hata mgeni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa Kilema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka uliofuata. Vitabu vya parokia viko huku nyumbani, na barua na taarifa za mapadri na wachungaji ziko Chevilly-Larue nje ya Paris na Halle Ujerumani. Mara chache hufikiriwa upande wa pili wa mpaka. Waingereza wa Church Missionary Society walikuwa Moshi tangu mwaka 1885. Walipolazimika kuondoka mwaka 1892, mchungaji Steggall alihamia Taveta, safari ya siku moja au mbili tu kwa miguu, na misheni hiyo ikawa na gazeti lake dogo, Taveta Chronicle, katika miaka ya 1890. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza ulipita kati ya watu waliokuwa wakienda soko moja. Kijana aliyetoweka Old Moshi au Kilema huenda hakutoweka. Alivuka mpaka, akawa mtu wa koloni la wengine. Mtafutaji wa Himo asiyekwenda Taveta ameacha nusu ya kazi.

Hazina ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, ni kumbukumbu za mabaraza, kuanzia miaka ya 1920. Huko ndiko Moore alikochimba. Baraza ndipo aliyekosa aliposimama akaongea. Ndugu wawili wakigombea mpaka wa masale, shahidi huitwa kueleza nani alizaliwa na nani, nani alikufa bila mtoto, na nani alishuka chini akaacha migomba yake kwa kaka “kwa muda”. Neno hilo la muda ndilo linalofungua mlango. Katika nasaba ya mdomo aliyeshuka hafai kitu; katika kesi yeye ndiye kiini cha ugomvi, na karani hana budi kuandika jina lake.

Siku hizi limekuja jibu jipya, la vinasaba, na wengi hulipokea kama mwisho wa maneno. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, pamoja na viongozi wengine, na kwa miongo mingi wazao wake wamedai kichwa chake kilichosadikiwa kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin inayohifadhi mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki ilitangaza kwamba vipimo vimeyapatia mafuvu matatu jamaa walio hai Tanzania. Moja lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli anayeitwa Akida. Ni ushindi wa kweli, na familia ile ilistahili. Lakini soma tena jinsi alivyopatikana. Fuvu lilikuwa limeandikwa jina, jina likaelekeza kwa familia, damu ikathibitisha. Kipimo hakikumtafuta mtu, kilimtambua baada ya karatasi kumtaja. Isitoshe, akida kwa Kiswahili cha pwani ni cheo, cha mkuu wa askari au mwakilishi wa mtawala. Ni Rindi na Mandara tena: mtu amesafiri hadi Berlin kwa jina ambalo wengine walimwita. Kwa mtoto wa katikati wa Himo, asiye na fuvu kabatini wala maandishi juu yake, vinasaba vitasema tu kwamba ana damu ya Kichaga na ya Kipare, jambo ambalo bibi yake angemwambia bure.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi si la kitaalamu. Wapo wanaoona heri haya yakae yalivyolala. Ukimrudisha babu aliyeshuka, wajukuu wake watapanda kudai migomba. Ukimtaja mateka, utawavunjia heshima wazao waliokwisha kuwa ndugu. Hofu ya kwanza ina jibu la sheria: mdai wa ardhi ana muda wa ukomo wa miaka 12, kwa hiyo aliyeshuka enzi za Wajerumani hawezi kumnyang’anya mtu kihamba leo kwa nguvu ya nasaba. Hofu ya pili ni nzito, na sioni njia ya kuipita isipokuwa kuwaachia wenye jina uamuzi wa lini litamkwe hadharani. Lakini kunyamaza nako kunalinda ukosefu uleule wa zamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Orodha za koo zinazoendelea kuruka mabinti zinaishi katika nchi ambayo haipo tena.

Koo nyingi za Vunjo na Rombo zinaandaa siku hizi vitabu vyao, na vikao vya Desemba ndipo majina yanapokusanywa. Ombi langu kwa wanaoshika kalamu ni dogo. Waandike watoto wote wa kila babu, wa kiume na wa kike, hata pale ambapo, baada ya jina, hawatakuwa na la kuandika isipokuwa neno moja: alishuka.